Inchi Moja na Robo au Inchi Mbili? Kuchagua Chuma cha Tela kwa Keria ya Baiskeli

Ukitoka Mtwara mjini na familia kwenda Msimbati, au Lindi kwenda Kilwa Masoko, na ukataka baiskeli ziende nanyi, una njia tatu. Unaweza kuzifunga juu ya paa, kuzipakia kwenye basi, au kuzibeba nyuma ya gari kwenye keria inayochomekwa kwenye chuma cha kuvutia tela. Njia hii ya tatu haikuumizi mgongo kwa kunyanyua na haikwaruzi paa. Lakini ikikosewa, hatari yake ni kubwa, kwa sababu baiskeli ikichomoka inamwangukia aliye nyuma yako, na kwenye barabara zetu aliye nyuma yako mara nyingi ni bodaboda.

Nianze na msimamo wangu. Kama gari lako linaruhusu, funga mdomo (tundu la kuchomekea keria) wa inchi mbili hata kama leo una baiskeli mbili tu. Kama haliruhusu, usililazimishe. Usinunue keria, iwe mpya au ya mtumba, kabla ya kupima mdomo kwa ndani na kujumlisha uzito wa kila kitakachokaa juu yake.

Humu nitasema "chuma cha tela" kwa maana ya ile fremu inayofungwa chini ya bampa la nyuma. Tundu lake la mraba nitaliita mdomo, na kile kipande cha keria kinachoingia humo nitakiita mkono. Pini ndiyo inayopita kwenye vyote viwili kuvishika visichomoke.

Hatua ya kwanza: lala chini, angalia gari lina nini

Magari mengi tunayoendesha huku ni ya mtumba kutoka Japani, na mengi yanashuka bandarini bila chuma cha tela. Kinachoonekana chini ya bampa mara nyingi ni kile kipete cha kufungia kamba gari likikwama. Kimewekwa kwa ajili ya kuvuta mara moja moja, kwa mstari ulionyooka. Hakifai kubeba keria, hata fundi akikwambia anaweza kukichomelea kitu juu yake.

Ukikuta gari lina chuma cha tela kweli, kitakuwa cha aina moja kati ya mbili. Kuna chenye tufe la chuma juu, na kuna chenye mdomo wa mraba. Tafuta kibati au maandishi yaliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Vyuma vya Ulaya huwa na kibati chenye herufi S ikifuatiwa na idadi ya kilo, na huo ndio uzito wa wima unaoruhusiwa kukikalia. Ukisoma S 75, basi keria na baiskeli zake zote kwa pamoja zisizidi kilo 75. Herufi D iliyo jirani yake inahusu nguvu ya kuvuta, usiichanganye na S. Vyuma vya Marekani huandikwa kwa pauni. Gawa kwa 2.2 upate kilo.

Kama hakuna kibati wala maandishi, chukulia kuwa hicho chuma hakijulikani, na mpe fundi mwenye uzoefu akikague kwanza. Kutu ya pwani hujificha kwenye maungio. Gonga kwa nyundo ndogo kila palipochomelewa. Chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu hutoa mlio uliokufa.

Hatua ya pili: pima mdomo kwa ndani

Saizi ya mdomo ni upana wa ndani. Ukipima kwa nje utapata jibu lisilo sahihi, utanunua keria isiyoingia, na kuirudisha Dar es Salaam au kwa ndugu aliyekuletea kutoka nje ni shughuli.

Saizi zinazotumika zilitoka Marekani, ndiyo maana ziko kwa inchi:

- Inchi 1¼, sawa na milimita 31.8. Hii ni ya magari madogo. Pini yake ni ya nusu inchi, karibu milimita 13.
- Inchi 2, sawa na milimita 50.8. Ni ya magari ya kati na makubwa. Pini yake ni ya inchi 5/8, karibu milimita 16.
- Inchi 2½, sawa na milimita 63.5. Ni ya malori madogo na pikapu nzito. Kwa keria ya baiskeli huihitaji, na ukiwa nayo unatia kipunguzio cha chuma ndani ili ishuke hadi inchi mbili.

Futi ya kawaida inatosha kutofautisha saizi hizi, lakini kama fundi ana venia, kile kipimo chenye taya za kubana, mwombe aitumie. Pima kulia kwenda kushoto, kisha juu kwenda chini, maana mdomo uliowahi kugongwa hupoteza umbo. Pima pia kutoka katikati ya tundu la pini hadi ukingo wa mdomo, uandike. Kuna mikono ya keria yenye tundu la pini lililo mbali na ncha, na kwenye mdomo mfupi matundu hayakutani.

Kwa chuma chenye tufe, pima unene wa tufe. Keria nyingi za Ulaya zinazobana kwenye tufe hutaka milimita 50. Lile dogo la Marekani la inchi 1 na 7/8 lina milimita 47.6, na kwa macho yanafanana. Keria iliyotengenezewa la 50 ikibana la 47.6 itaonekana imeshika, halafu itazunguka taratibu kwenye matuta. Angalia pia kama tufe limefungwa kwa bolti moja katikati. Tufe la namna hiyo linaweza kuzunguka lenyewe na keria ikageuka nalo. Kwa keria, chagua lile lililofungwa kwa bolti mbili au zaidi.

Hatua ya tatu: hesabu uzito, kisha uifikirie barabara

Hapa ndipo wengi wanapopita haraka, na ndipo ningependa ukae.

Mwongozo wa Marekani hugawa vyuma vya tela kwa madaraja. Daraja la kwanza hubeba hadi kilo 90 za wima mdomoni, la pili hadi kilo 159, na la tatu linaweza kufika kilo 360. Madaraja mawili ya kwanza mara nyingi huwa na mdomo wa inchi moja na robo, la tatu ni inchi mbili. Lakini namba inayokuhusu ni ile ndogo kuliko zote kati ya tatu: ya gari, ya chuma cha tela, na ya keria. Chuma kikubwa hakiliongezei gari nguvu.

Sasa pima baiskeli. Baiskeli za kisasa za milimani huwa na kilo 13 hadi 15. Hizi zetu za chuma za matairi ya inchi 28, zenye madigadi, stendi na keria yake nyuma, huweza kufika kilo 20 na kupita. Usikisie. Mizani ya kuning'iniza kama ile ya wauza samaki itakupa jibu kwa dakika moja. Baiskeli ya umeme ni habari nyingine kabisa, moja inaweza kuwa na kilo 25, na betri ichomolewe isafiri ndani ya gari.

Tuchukue familia ya watu wanne. Baiskeli mbili za wakubwa kilo 20 kila moja, mbili za watoto kilo 11 kila moja, jumla 62. Keria yenyewe, ile ya kuketisha magurudumu kwenye vitako (vijaluba vya kukalia tairi), kilo 22. Unapata 84. Ukiwa na chuma cha daraja la kwanza chenye kikomo cha 90, unaona bado una kilo sita za ziada.

Huna. Kikomo hicho kimewekwa kwa kufikiria barabara ya lami. Watengenezaji wengine wa keria huandika kwenye kijitabu kwamba barabara mbaya hupunguza mzigo unaoruhusiwa kwa kiasi kikubwa, na wengine hukataza kabisa. Kila gari linapodunda, mzigo uleule hukibonyeza chuma kwa nguvu inayozidi uzito wake kwenye mizani. Kanuni ninayoitumia kwa barabara za huku ni kugawa kikomo kwa mbili. Kutoka Mtwara hadi Masasi kwa lami unaweza kwenda na uzito kamili, ukipunguza mwendo kwenye matuta ya vijijini. Lakini kama safari ina kipande cha vumbi, kwenda Msimbati au kuingia Rondo huko Lindi, chuma cha kilo 90 kihesabu kuwa cha kilo 45. Hapo familia yetu itabeba baiskeli za watoto tu, au itahitaji mdomo wa inchi mbili.

Kuna jambo jingine ambalo mizani haikuonyeshi. Mzigo ulio nyuma ya ekseli ya nyuma huinyanyua pua ya gari. Tuseme gari lina mita 2.5 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na kitovu cha mzigo wa keria kiko mita 1.5 nyuma ya ekseli ya nyuma. Zile kilo 84 zitapunguza kilo 50 kwenye magurudumu ya mbele, na ekseli ya nyuma itabeba kilo 134 za ziada. Ongeza abiria wa nyuma na gunia la korosho ndani ya buti, utaona springi zimelala, usukani umekuwa mwepesi na taa za mbele zinamulika matawi. Kwa IST, Vitz au Passo hili si jambo dogo. Magari haya yabebe baiskeli moja au mbili nyepesi, na mizigo mizito isogezwe mbele karibu na viti.

Hatua ya nne: ukitengenezewa na fundi wa kuchomelea

Kwa watu wengi wa Mtwara na Lindi, chuma cha tela hakitoki dukani, kinatoka kwa fundi. Si vibaya. Tuna mafundi wazuri. Lakini fundi hufanya kazi kwa skwea paipu (bomba la chuma la mraba) iliyopo, na skwea paipu huuzwa kwa kipimo cha nje. Mgongano huu unaharibu kazi nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Jirani mmoja aliletewa keria nzuri yenye mkono wa inchi mbili. Akamwambia fundi, "Fundi, nataka inchi mbili." Fundi akachukua paipu ya 50 kwa 50, ambayo kweli kwa nje ni inchi mbili. Unene wake ni milimita 3 kila upande, kwa hiyo ndani imebaki nafasi ya 44. Mkono wa milimita 50.8 ukagoma. Kilichofuata ni grenda, na wakaanza kuula mkono wa keria ili uingie. Mkono uliopunguzwa kwa grenda umeondolewa nguvu pale unapozihitaji. Usikubali hilo lifanyike.

Hesabu za paipu ziko hivi. Kwa mkono wa inchi mbili, paipu ya 60 kwa 60 yenye unene wa 4 ina nafasi ya 52 ndani. Mkono unaingia na unabaki na mchezo, yaani nafasi ya kutikisika, wa milimita moja na kitu, unaodhibitiwa kwa bolti ya kukazia ubavuni. Ile ya 60 kwa 60 yenye unene wa 5 ina 50 tu ndani, na mkono hauingii. Tofauti ya milimita moja ya bati ndiyo inayoamua. Kwa mkono wa inchi moja na robo, paipu ya 40 kwa 40 yenye unene wa 4 ina 32 ndani na inakaa sawasawa. Ya unene wa 3 ina 34, na keria itacheza.

Nenda dukani na mkono wa keria wenyewe. Pima unene wa paipu kwenye ncha iliyokatwa, kwa sababu inayoitwa ya nne kaunta huweza kuwa chini ya nne. Halafu ingiza kidole ndani ya paipu upapase pande zote. Kwenye ubavu mmoja utakuta mshono wa kuchomelea umesimama kama uzi mnene unaokwenda urefu wote. Mshono huo peke yake unatosha kuuzuia mkono usiingie. Fundi ausawazishe kwa tupa ndefu kabla ya kuchomelea chochote, maana paipu ikishafungwa kwenye gari tupa haitafika mwisho.

Vyuma vya kiwandani vya inchi mbili hutumia bati la zaidi ya milimita 6. Paipu yako ya 4 ni nyembamba kuliko hiyo, basi mwombe fundi auzungushie mdomo pete ya bati nene, ili ukingo usipanuke keria inapotikisika. Na hata ikiwekwa pete, usiipe kazi ya daraja la tatu. Mimi ningeishia baiskeli mbili za watu wazima, au mbili za watoto na moja ya mkubwa.

Kufunga kwenye gari: Hilux, Prado na ndugu zao wana chesisi kamili, na chuma kifungwe kwa bolti kwenye mihimili miwili ya chesisi, kushoto na kulia. IST, RAV4 na mengine yasiyo na chesisi tofauti yana mihimili miwili ya bodi chini ya sakafu ya buti, na mara nyingi kuna matundu ya kiwandani. Tumia hayo, weka bati la kusambaza mzigo upande wa pili. Chuma kisichomelewe kwenye bampa wala kwenye bati la sakafu. Bolti ziwe zenye namba 8.8 kichwani, ambayo ni alama ya uimara wake. Kama lazima pachomelewe kitu karibu na gari, terminali hasi ya betri itolewe kwanza, na mahali hapo pawe mbali na tangi la mafuta.

Hatua ya tano: urefu, tairi la spea na ekzosi

Chomeka keria tupu kabla ya kulipa, kama muuzaji anakubali. Prado nyingi, Pajero, Escudo na RAV4 za zamani zina tairi la spea mlangoni. Keria yenye mkono mfupi itagusa tairi hilo, na mkono mrefu unarudisha mzigo nyuma zaidi, kwa hiyo rudia hesabu ya hatua ya tatu. Ndiyo sababu sipendi vile vipande vya kugeuza mdomo wa inchi moja na robo upokee mkono wa inchi mbili. Vinausogeza mzigo mbali na gari na kupunguza kile ambacho chuma kinaweza kubeba. Kinyume chake, kupunguza mdomo wa inchi mbili upokee mkono mdogo, hakuna shida.

Familia yote ikiwa ndani ya gari, pima kutoka sehemu ya chini kabisa ya keria hadi ardhini. Palipo na mchanga wa Msimbati, au bonde fupi linalopanda ghafla, keria iliyo chini ndiyo inayogusa kwanza. Angalia pia bomba la ekzosi linapulizia wapi. Tairi la baiskeli likikaa mbele ya moshi ule kwa saa mbili litalainika.

Upana nao una neno. IST ina mita 1.69 kwa upana, na baiskeli ya mtu mzima ina urefu wa karibu mita 1.8 au zaidi. Kwa hiyo magurudumu yatatokeza kila upande. Funga kitambaa chekundu pande zote mbili na uache nafasi kubwa unapopita pikipiki na waenda kwa miguu.

Kuhusu aina ya keria, zile za kuning'iniza kwa bomba la juu la fremu hazikubaliani na baiskeli za kike zisizo na bomba hilo, mpaka ufunge bomba la muda. Kwa baiskeli zetu nzito ningechagua ya kuketisha magurudumu, ingawa yenyewe ina uzito mkubwa. Hakikisha tu umbali kati ya ekseli mbili za baiskeli yako unaenea kwenye vitako vyake.

Hatua ya sita: taa na namba

Baiskeli nne zikipangwa nyuma, huficha namba za gari, taa za breki na indiketa. Trafiki atakusimamisha, na atakuwa na haki, kwa sababu dereva aliye nyuma yako usiku haoni unapofunga breki. Fundi umeme wa magari atakutengenezea ubao wenye taa na nafasi ya namba, unaofungwa nyuma ya baiskeli ya mwisho na kupata umeme kwenye soketi ya tela ya pini saba. Asiunge nyaya kwa kuzisokota na selotepu tu. Unyevu wa bahari utaziingia.

Hatua ya saba: jaribio

Pakia kila kitu, baiskeli nzito ikae karibu na gari na nyepesi nje. Tia pini na kipini chake cha usalama, kaza bolti ya ubavuni. Shika baiskeli ya mwisho uitikise kwa nguvu kulia na kushoto. Gari zima litikisike pamoja na keria. Keria ikitikisika peke yake, bado kuna mchezo mdomoni.

Ongeza mkanda mmoja imara kutoka fremu za baiskeli hadi kwenye mwili wa gari, usiotegemea keria kabisa. Halafu fanya mwendo mfupi. Wa Mtwara mjini aende Mikindani na kurudi, wa Lindi ashuke hadi Mingoyo. Ukirudi, shika kila nati kwa spana. Safari ndefu yenyewe, simama tena baada ya kilomita 50 hivi ukaze, na kila mnapotoka kwenye rafu rodi kuingia lami.

Safari ikiisha, keria itoke kwenye gari. Osha mdomo kwa maji ya bomba, hasa gari likishakanyaga mchanga wa pwani, ukaushe, upake grisi ndani na kwenye pini, kisha uzibe kwa kifuniko cha plastiki. Rangi ndani ya mdomo haisaidii, mkono unaikwangua mara ya kwanza tu. Kwa nje, piga rangi ya kuzuia kutu mara mbili, na uipitie tena kila mwaka kabla ya masika. Mkono wa keria ulioachwa mdomoni mwaka mzima hapa pwani hushikana na paipu kwa kutu, na kuutoa kutahitaji moto na nyundo kubwa.